Kupanga na kugharamia maboresho ya bustani za jiji: mwongozo kamili

Bustani nyingi za umma hazifi kwa kukosa mchoro mzuri. Zinakufa miaka michache baada ya utepe kukatwa: bomba la choo linapasuka na hakuna fungu la kulitengeneza, taa zinaungua moja baada ya nyingine, na mtunza bustani anabaki na ufunguo wa stoo isiyo na kitu. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume kidogo. Kabla ya kuuliza tujenge nini, tunauliza nani atalipia matunzo, kila mwaka, kutoka fungu lipi. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua ujenge vyoo vingapi, taa ngapi na nyasi za aina gani.

Umeandikwa kwa yeyote aliyetwishwa kazi hii: ofisa wa halmashauri, diwani, kamati ya mtaa, au kikundi cha wakazi waliochoka kusubiri.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani

Kabla hujamwita msanifu, nenda ofisi ya ardhi. Thibitisha kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, kimetengwa kwa matumizi gani kwenye ramani ya mipango miji, na mipaka yake iko wapi uwanjani kwenyewe, maana karatasi peke yake haizuii mtu kujenga. Mpima ardhi arudishe mawe ya mipaka yaliyong'olewa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kesi.

Bustani isiyo na hati ni kiwanja kinachomsubiri mjanja, na hata yenye jina kubwa haina kinga. Mwaka 1989 Uhuru Park ya Nairobi ilikaribia kumegwa ili kupisha jengo la ghorofa 60. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliandika barua, wakapiga kelele, wakatukanwa hadharani, na mwishowe mradi ukaachwa. Si kila mtaa utampata Maathai wake, hivyo fuatilia hati.

Ukiwa huko, omba pia michoro ya yaliyo chini ya ardhi: mabomba ya maji safi na taka, nyaya za umeme, mikongo ya simu. Mkandarasi akikata bomba kuu, fedha za mabenchi zitaishia kulifukua na kuliunga.

Hatua ya 2: Orodhesha kilichopo, kisha hesabu watu

Tembea bustani nzima na jedwali mkononi. Andika kila kitu: benchi, taa, pipa la taka, mfereji, bembea, mti, njia. Kila kimoja kipe hali yake: kizima, cha kukarabati, cha kuondoa. Andika mwaka kilipowekwa kama unajulikana, piga picha, weka alama kwenye ramani. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kabisa, usishawishike kununua programu ya gharama. Miti mikubwa itafutie mtaalamu wa misitu, kwa sababu tawi lililooza ndani halionekani kwa macho ya mpita njia.

Kisha hesabu watu. Kuna mbinu inayotumiwa na watafiti wengi, iitwayo kwa kifupi SOPARC, ambayo unaweza kuiga bila kuwa mtafiti. Igawe bustani katika maeneo madogo, pita kila eneo kwa saa zilezile (asubuhi, mchana, alasiri na jioni), siku za kazi na za mapumziko, na uandike waliopo kwa jinsia, kwa rika na kwa wanachofanya: wameketi, wanatembea, au wanacheza kwa nguvu. Usimkatize mtu, angalia tu na uandike. Baada ya wiki moja utakuwa na takwimu ambazo hakuna mjumbe wa kamati ya fedha atakayezipuuza kirahisi. Na utazihitaji tena mwishoni, kwa hiyo zitunze vizuri.

Takwimu hizo huonyesha nani hayupo. Vienna, katika miaka ya 1990, waligundua kwamba wasichana waliokuwa wakija bustanini utotoni walianza kutoweka wakivuka umri wa miaka 9, huku wavulana wakiendelea. Hakuna aliyewafukuza. Ni kwamba uwanja ulikuwa mmoja mkubwa, na wavulana ndio walioushika. Mwaka 1999 jiji lilibadilisha bustani mbili kwa majaribio: likaongeza njia za miguu, viwanja vya mpira wa wavu na vinyoya, na likatumia mimea kuigawa nafasi kubwa kuwa vipembe vidogo ambavyo kundi moja haliwezi kuvihodhi vyote. Wasichana wakarudi. Ukitazama mabadiliko yenyewe, hakuna hata moja la gharama ya kutisha.

Angalia pia njia za mkato zilizochimbwa na nyayo kwenye nyasi. Pale ndipo watu wanapotaka kupita, na wataendelea kupita hata ukipanda ua la miba. Sakafia njia hiyo na ugomvi uishe.

Maoni ya wakazi ni ya lazima, ila namna ya kuyapata ina kazi yake. Mkutano wa hadhara saa nne asubuhi, siku ya kazi, utakuletea wastaafu na wanaotafuta kura. Wafuate watu walipo: shuleni, sokoni, kituo cha basi, kwenye nyumba za ibada. Na usiwaulize "mnataka nini?", maana utarudi na orodha yenye bwawa la kuogelea. Waulize mara ya mwisho walipoipita bustani bila kuingia, ni nini kiliwafanya wasiingie. Majibu yatakuwa mafupi na ya kufanyiwa kazi: giza, hakuna choo, hakuna pa kukaa mama mwenye mtoto, mlango uko upande wa pili wa barabara ya magari ya kasi. Zungumza na wenye ulemavu wakiwa ndani ya bustani yenyewe. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuonyesha ngazi moja inayomzuia, umepata kazi ya siku mbili yenye faida ya miaka.

Hatua ya 3: Chagua bustani za kuanza nazo

Fedha hazitoshi bustani zote, na pasipo kigezo, bustani itakayokarabatiwa ni ile iliyo jirani na wenye sauti. Minneapolis, Marekani, walilimaliza hili mwaka 2016 kwa kupitisha sheria ndogo inayopanga foleni ya ukarabati wa bustani za mitaa kwa alama. Miongoni mwa vigezo ni umaskini wa eneo, msongamano wa watu, idadi ya vijana, uchakavu wa miundombinu, na kiasi ambacho bustani hiyo imewahi kupata huko nyuma. Diwani akiuliza kwa nini bustani yake ni ya kumi, anaonyeshwa alama.

Vigezo vyako unaweza kuviandika kwenye ukurasa mmoja. Ongeza umbali: Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa hutumia kipimo cha mita 400 za kutembea hadi kwenye eneo la wazi la umma. Chora mipaka hiyo kwa kufuata njia halisi za miguu, si kwa kuzungusha bikari, kwa sababu reli au mto unaweza kuifanya bustani ya mita 200 iwe safari ya kilomita mbili. Muhimu ni kwamba vigezo vipitishwe na baraza kabla majina ya bustani hayajatajwa. Ukiyataja kwanza, kila mjumbe atavuta vigezo kuelekea mtaani kwake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya matunzo kabla ya mchoro

Hatua hii ndiyo miradi mingi huiruka, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukua kitu kimoja tu: choo cha umma. Tuseme kitafunguliwa saa 12 kwa siku, siku saba kwa wiki. Hizo ni saa 84. Mhudumu mmoja akifanya kazi saa 45 kwa wiki, unahitaji karibu wahudumu wawili, na ukihesabu likizo na ugonjwa, wawili hawatoshi. Ongeza maji, sabuni, dawa, karatasi, umeme, kuzibua, kupaka rangi, na vitasa vitakavyovunjwa. Mishahara na vifaa vya miaka michache tu vinaweza kuipita gharama ya kujenga jengo lenyewe. Je, tuache kujenga choo? Hapana. Bustani isiyo na choo huwafukuza wazee, watoto na wanawake. Ila jenga kimoja kinachohudumiwa, karibu na lango au kibanda cha mlinzi, badala ya vitatu vitakavyofungwa kwa kufuli.

Fanya hivyo kwa kila kitu. Hekta 2 za nyasi zikikatwa mara 20 kwa mwaka ni hekta 40 za kukata: kwa mashine ipi, mafuta ya nani, na nani anayenoa visu? Mchanga au vipande vya mbao chini ya bembea hutawanywa na miguu ya watoto, pakabaki shimo gumu pale hasa wanapoangukia, hivyo mtu lazima apite na reki kila mara. Sakafu ya mpira wa kumwaga haihitaji reki, lakini ikichanika kuiziba ni kazi ya fundi. Chemchemi ya mapambo inataka pampu, umeme na mtu wa kuisafisha. Sijui kwa nini kila mchoro una chemchemi.

Baada ya hapo weka akiba ya kubadilisha vitu vikichakaa. Gawa bei ya kila kitu kwa miaka kinayotarajiwa kudumu, na jumla yake ndiyo kiasi cha kutenga kila mwaka. Matokeo yote yaingie kwenye jedwali moja la miaka kumi: mishahara, vifaa, maji na umeme, matengenezo madogo, akiba. Mpelekee mweka hazina wa halmashauri kabla ya kumpelekea yeyote mchoro, na uombe jibu lake kwa maandishi. Akisema kiasi hicho hakipo, punguza mradi sasa, ukiwa bado karatasini.

Hatua ya 5: Sasa chora

Mpe msanifu wa mandhari vitu vitatu: takwimu za watu, ramani ya yaliyopo, na kikomo cha gharama za matunzo kwa mwaka. Hicho cha tatu kiandikwe kwenye hadidu za rejea kabisa, asije akakitazama kama ushauri.

Mengi yanayofufua bustani ni madogo. Bryant Park ya New York ilikuwa pango la wauza dawa za kulevya miaka ya 1970. Mtafiti William H. Whyte aliitazama na kusema kosa liko kwenye umbo lake: imeinuliwa juu ya barabara, imezungushiwa ua mrefu na chuma, milango michache, hivyo aliye nje haoni ndani na aliye ndani hana pa kukimbilia. Ilipofunguliwa upya mwaka 1992, ua ulikuwa umeondolewa, milango imeongezwa, na viti vimewekwa ambavyo havikufungwa chini. Mtu anasogeza kiti kivulini, anakigeuza amwelekee rafiki yake, anakiweka mbali na asiyemtaka. Benchi la zege haliwezi kumfanyia hivyo. Bila shaka viti vya kuhamishika vinahitaji mtu wa kuvihesabu jioni, na hapo unarudi kwenye jedwali la hatua ya 4.

Maji ya mvua yapewe nafasi mapema. Singapore waliubomoa mfereji wa zege wa kilomita 2.7 uliopita kando ya bustani ya Bishan–Ang Mo Kio, wakaugeuza kuwa mto wenye kingo za majani. Mvua ikiwa kubwa, nyasi za pembeni huwa njia ya maji, na yakipungua watoto hurudi. Copenhagen, baada ya mafuriko ya mwaka 2011, waliijenga upya bustani ya Enghaveparken ili iweze kushika mita za ujazo 22,600 za maji. Faida ya pili ya miundo hii tutaiona kwenye fedha.

Miti iliyopo ilindwe kwenye mchoro kwa mstari uliofuata ukingo wa matawi yake. Ndani ya mstari huo hakuna kuchimba, kurundika saruji wala kuegesha tingatinga. Mti hauanguki siku unapoumizwa mizizi. Hukauka polepole, mkandarasi akiwa ameshaondoka.

Hatua ya 6: Kadiria gharama na ugawe kwa awamu

Mkadiriaji majenzi atoe jedwali la kazi na gharama, kazi kwa kazi. Ongeza akiba ya dharura, asilimia 10 hadi 20 kulingana na jinsi unavyoijua ardhi yako, na upandaji wa bei hadi tarehe halisi ya ujenzi, ambayo si tarehe ya kikao cha leo. Usisahau ada za wataalamu, vibali na kodi.

Miradi hupanda bei hasa pale mawazo mapya yanapoingia katikati ya ujenzi. Millennium Park ya Chicago ilitangazwa kwa dola milioni 150 na ilikusudiwa kuukaribisha mwaka 2000. Ilifunguliwa 2004, na gharama ilikuwa imefika karibu dola milioni 475. Ni bustani inayopendwa sana, na wachangiaji matajiri walibeba sehemu kubwa ya ongezeko. Kama huna matajiri wa namna hiyo, funga mchoro kabla ya zabuni na mabadiliko yoyote yapite kwenye kamati yenye mamlaka ya kusema hapana.

Awamu zigawanywe hivi kwamba kila moja ikiisha inatumika yenyewe. Awamu ya kwanza ikiwa ni mabomba na misingi tu, na serikali ikabadilika, utabaki na mashimo. Anza na kipande kimoja kamili: lango, njia, taa zake, choo, sehemu ya watoto.

Hatua ya 7: Tafuta fedha

Kanuni moja iongoze kila uamuzi: fedha za mara moja zilipie vitu vya mara moja, na fedha za kila mwaka zilipie kazi za kila mwaka. Ruzuku ijenge njia, isimlipe mtunza bustani. Ikimlipa, siku ruzuku inapokwisha na yeye anaondoka.

*Bajeti ya halmashauri.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza hata kama ni kidogo, kwa sababu wafadhili huuliza jiji lenyewe limeweka nini. Jua kalenda ya bajeti. Maombi yanayofika baada ya ukomo wa idara (kiwango cha juu cha fedha itakazopewa) kupangwa husubiri mwaka mzima. Omba kwenye mafungu mawili kwa pamoja: bajeti ya maendeleo kwa ujenzi, matumizi ya kawaida kwa matunzo. Likipita la kwanza bila la pili, usianze kushangilia.

*Bajeti ya idara nyingine.* Hapa watu hawaangalii vya kutosha. Bustani inayozuia mafuriko ni mradi wa mifereji. Njia ya miguu inayokatiza bustani hadi shuleni ni mradi wa barabara. Enghaveparken ilijengwa kwa kushirikiana na shirika la maji la jiji, na ya Singapore ni kazi ya mamlaka ya maji na ya bustani kwa pamoja. Nenda na mchoro kwa mhandisi wa mifereji, umwoneshe ni mita ngapi za ujazo utampunguzia.

*Bajeti shirikishi.* Porto Alegre, Brazili, ilianza mwaka 1989 kuwapa wakazi nafasi ya kuamua sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya jiji, na miji mingi imeiga. Kama jiji lenu lina utaratibu huo, bustani hushindana vizuri, maana kila mtu anaielewa. Peleka pendekezo dogo, lenye picha na bei.

*Tozo maalumu na mikopo.* Wapiga kura wa Seattle waliidhinisha mwaka 2014 kuundwa kwa wilaya ya bustani inayotoza sehemu ya kodi ya majengo kwa ajili ya bustani tu, matengenezo yakiwemo. Chanzo cha namna hii ni adimu na kina thamani, kwa sababu kinarudi kila mwaka. Hatifungani za jiji nazo hujenga, ila deni lisizidi umri wa kitu kilichonunuliwa. Kulipia bembea kwa miaka 25 wakati imeng'olewa mwaka wa 12 ni aibu.

*Thamani ya ardhi inayozunguka.* Birkenhead Park ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1847, iligharamiwa kwa kuuza viwanja vya nyumba kuizunguka, ambavyo bei yake ilipanda kwa sababu ya bustani yenyewe. Leo hilo hufanyika kwa ada za wajenzi wa majengo mapya. Angalia upande wa pili wa shilingi: kodi za nyumba zikipanda, wapangaji maskini uliowajengea wanaweza kuhama kabla hawajaifaidi. Zungumza na idara ya makazi mapema.

*Wachangiaji na taasisi za hiari.* Central Park ya New York inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoundwa mwaka 1980, ambayo huchanga sehemu kubwa ya bajeti. Mji wa Milton Keynes nchini Uingereza ulikwenda mbali zaidi: mwaka 1992 bustani zake zilikabidhiwa kwa taasisi maalumu kwa mkataba wa miaka 999, pamoja na majengo ya biashara ambayo kodi yake ya pango ndiyo inayolipia matunzo. Katika mifano yote hii, huu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu hautegemei huruma ya bajeti ya kila mwaka. Kwa kampuni zinazotaka kudhamini, andika mkataba unaotaja ukubwa wa bango, muda, na kazi watakayofanya kila mwezi. Wanaotaka bango pekee waelekezwe kwenye barabara.

*Mapato ya ndani.* Mgahawa, maegesho, vibanda, ada za matamasha na sherehe. Kadiria kwa kiasi, kisha ukate tena. Bryant Park hujiendesha kwa mapato ya aina hii na michango ya wenye majengo jirani, lakini ipo katikati ya Manhattan. Matamasha nayo hula nyasi, kwa hiyo kila kibali kiwe na amana ya kurudisha uwanja ulivyokuwa na siku za kuupumzisha. Na mapato yaingie kwenye akaunti ya bustani kwa azimio la baraza. Yakiingia mfuko mkuu, hutayaona tena. Lango la kulipia silipendekezi kwa bustani ya umma: huwazuia hasa wale walioihitaji.

Hatua ya 8: Zabuni na ujenzi

Kuna mambo manne ya kukaza kwenye mkataba. Kwanza, mkandarasi atunze mimea kwa angalau mwaka mmoja baada ya makabidhiano na kubadilisha itakayokufa. Pili, sehemu ya malipo izuiwe hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kama kazi ina kasoro, kiishe. Tatu, faini kwa kila mti uliolindwa utakaoumizwa. Nne, vifaa vya michezo viambatane na cheti cha usalama na orodha ya vipuri vinavyopatikana sokoni. Mtunza bustani ahudhurie vikao vya eneo la ujenzi tangu mwanzo, maana yeye ndiye atakayegundua kwamba koki imewekwa mahali mpira wa maji haufiki.

Wachuuzi na wengine wanaotegemea eneo hilo wapewe taarifa, sehemu ya muda, na nafasi yao kwenye mchoro mpya, kwa maandishi.

Hatua ya 9: Baada ya kufungua

Central Park imegawanywa katika kanda 49, kila moja na mtunza bustani wake. Kanda ikichafuka, anayeulizwa anajulikana. Hata bustani ya watunzaji watatu inaweza kufanya hivyo: kila mmoja na eneo lake, orodha ya kazi za siku, wiki na mwezi, na daftari la kasoro lenye tarehe iliporipotiwa na iliporekebishwa. Bandika langoni namba ya simu ya kuripoti, na awepo mtu wa kuipokea.

Mwaka mmoja baadaye, rudia ile hesabu ya watu: maeneo yaleyale, saa zilezile, majira yaleyale. Weka safu mbili sambamba, kabla na baada, kwa jinsia na rika. Ambatanisha daftari la kasoro na matumizi halisi ya mwaka dhidi ya lile jedwali la miaka kumi, urekebishe pale ulipokadiria vibaya. Fungasha vyote pamoja na ombi la bustani inayofuata kwenye foleni, na uvifikishe kwa mweka hazina kabla ukomo wa bajeti haujafungwa.